Je wajua kwa nini skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, huwa inaanza ujanani?

Hapa Tanga nenda Ngamiani, nenda Makorora, kila mtaa una stori yake: kijana alikuwa mzima kabisa, shule anafaulu, alafu akigusa miaka 18 au 20 anaanza kujifungia ndani, anasikia sauti, anasema majirani wanamfatilia. Watu washatoa hukumu, karogwa huyo, kijicho tu, na mama mtu anahangaika na makombe na waganga mpaka shamba linauzwa. Lakini mbona isiwe utotoni, mbona isiwe uzeeni?

Mtu wa Muheza anajua mchungwa lazima upogolewe. Ubongo nao ni hivyo hivyo, mtoto ana maungio mengi mno kati ya seli na seli, yanaitwa sinapsi, na kuanzia utotoni mpaka miaka ya ishirini na kitu yale yasiyotumika sana yanapunguzwa. Kazi hiyo wanaifanya walinzi wa humo humo kichwani, seli zinaitwa maikroglia, zinayala kabisa! Mwanasayansi Beth Stevens wa kule Boston, Marekani, amezifatilia sana, na yeye na wenzake walionyesha kwa panya kwamba protini za kinga, zile zile zinazotia alama vijidudu ili viliwe, ndo zinatia alama na sinapsi.

Mwaka 2016 akiwa na mtaalamu wa jeni Steven McCarroll na wenzao, baada ya kupitia DNA za watu kama 65,000 hivi, wakakuta jeni moja inaitwa C4 iko kwa aina tofauti tofauti, na wale ambao aina yao inatoa protini nyingi zaidi ubongoni hatari yao ya skizofrenia iko juu kidogo, yani huenda mpogoaji anakata kupita kiasi, na huenda ndo maana ugonjwa unaanza ujanani, wakati kupogoa bado kunaendelea. Sio kwamba ukiwa nayo ndo basi, jeni zinazohusika ni nyingi, hata mapacha wa kufanana mmoja anaweza kuumwa mwenzie akawa mzima, na bangi nayo inaongeza hatari.

Dawa zilizopo, tangu klopromazini ya miaka ya 1950, nyingi zinazuia dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni, na zinatuliza zile sauti, zinasaidia kweli, ila huko kwenye kupogoa hazifiki. Kwa hiyo inaniuma sana mama akiambiwa kamlea vibaya mwanawe, wakati huenda seli zilikuwa zinakata toka kijana hajaanza hata kusema peke yake.