Je, wajua kwa nini faharasa (index) mpya ya hifadhidata inaweza kuvuruga orodha yako?

Chukua jedwali la wanachama wa kikundi cha akiba, limehifadhiwa kwenye MySQL, programu ya hifadhidata: namba ya uanachama, jina, simu, makazi. Kila siku programu huomba namba na simu za wote, na orodha hutoka 1, 2, 3 bila mtu kuagiza hivyo. Siku moja fundi anaongeza faharasa kwenye safu ya simu ili utafutaji uwe wa haraka. Kesho yake orodha inaanza na mwanachama namba 48, kisha 7, kisha 112. Na hakuna aliyegusa data.

Kilichobadilika ni njia ya kusoma. InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL, yaani sehemu inayohifadhi na kusoma data, hulaza jedwali kwa kufuata ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila mstari), ambao hapa ni namba ya uanachama. Ile 1, 2, 3 ilikuwa bahati tu ya jinsi data ilivyolala. Faharasa ya simu nayo ni orodha ndogo ya pembeni, imepangwa kwa simu, na kila simu imebeba namba ya mwenyewe. Yote yaliyoombwa yamo humo! MySQL hutafuta njia yenye kurasa (vipande vya data) chache za kusoma, kwa hiyo inapitia faharasa mwanzo hadi mwisho, na majibu yanafuata simu. Omba na jina pia, ambalo faharasa haina, itarudi kwenye jedwali na 1, 2, 3 itarejea. Hapo ndipo mafundi huanza kushuku uchawi.

PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, hailazi jedwali kwa ufunguo mkuu hata kidogo. Ukibadilisha simu ya mwanachama, huandika nakala mpya ya mstari wake penye nafasi, naye huenda akajikuta mkiani.

SQL yenyewe, lugha ya kuulizia hifadhidata, haiahidi mpangilio wowote bila ORDER BY, agizo la kupanga majibu. Walioitegemea GROUP BY, agizo la kukusanya mistari kwa makundi, iwapangie walishtuka MySQL 8.0 ilipotoka mwaka 2018, kwani mazoea hayo yaliondolewa.

Ukiandika ORDER BY simu na kutaka 20 za kwanza, faharasa ileile inakuwa msaada: injini husoma 20 na kusimama, bila kupanga chochote. Ukipanga kwa jina, weka na namba nyuma yake, la sivyo akina Juma watatu wanaweza kupishana nafasi kila orodha inapofunguliwa.