Je, wajua kwa nini Kanada humpa mhamiaji alama kama mtahiniwa?

Tangu gesi ya Madimba ianze kwenda Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2015, Mtwara mjini hakukosekani mjadala wa mgeni gani aruhusiwe kuja kufanya kazi. Wenzetu wa Kanada walijibu kwa hesabu.

Zamani afisa uhamiaji wao aliangalia sana umetoka wapi, na Mzungu alipita kirahisi. Mwaka 1967 wakaweka alama 100 za elimu, umri, lugha, ufundi na ajira inayokungoja. Aliyepata 50 wakati ule alipita. Kwa hiyo kipimo ambacho leo wengine hukiita ubaguzi kilikuja kama dawa ya ubaguzi mbaya zaidi. Australia nayo ikafuata mwaka 1979.

Sisi hatuna alama, ila mchujo upo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na awe na mpango wa Mtanzania kuja kuirithi kazi ile. Kijana wa Msimbati, huku Mtwara, aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA anajua kuchomelea. Kifungu hicho ndicho ngao yake.

Lakini karatasi haioni kila kitu. Enzi za Wareno, Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma wakikimbia kodi na kazi za shuruti, wengi wakaishia kukata mkonge, Lindi ikiwemo. Wapime hao kwa alama za Kanada: shule hakuna, Kiingereza hakuna. Walichokuwa nacho ni tindo. Na ni wachongaji kutoka ng'ambo ile ile waliozaa vinyago vya mtindo wa shetani, yaani maumbo ya mizimu, miaka ya 1950, Samaki Likankoa akitajwa kuwa wa kwanza. Leo mpingo huo tunauonyesha kwa watalii kama sura ya Tanzania!

Hata Kanada kwenyewe, kuna madaktari waliopita kwa alama nzuri kisha wakaendesha teksi, maana leseni ya kutibu hutolewa na chombo cha taaluma cha jimbo, si na uhamiaji.

Ukiniuliza mimi, mchujo wa vyeti ubaki kwenye mitambo na hospitali, kwa sababu pale mkono usiojua unaua. Fundi wa mpingo mpe gogo, achonge umwone.