Taya kuuma si lazima kosa liwe la meno

Mwaka 1934 daktari wa Marekani, James Costen, alihusisha maumivu ya kiungo cha taya na meno yaliyong'oka au yasiyokutana sawasawa. Dhana hiyo ingalipo. Lakini wapo wengi wenye meno yaliyopishana wasioumwa kamwe, na wenye meno yaliyopangika vizuri wanaoteseka. Uhusiano uliopo ni dhaifu. Tena wakati mwingine kiungo kilichougua ndicho kinachobadilisha jinsi meno yanavyokutana. Maumivu huchangiwa na mambo mengi: kukaza taya, msongo wa mawazo, usingizi mbovu, jeraha. Kwa hiyo usikubali haraka meno mazima yachongwe ili yakutane sawasawa. Jino likishachongwa halirudi, ilhali wengi hupata nafuu kwa mazoezi na kupumzisha taya.