Ile "a-wimowe" sio ya Lion King jamani

Juzi nko saluni Majengo, kinyozi anamnyoa mzee mmoja ndevu huku simu yake imeunganishwa kwenye spika, ikaingia ile ngoma ya "a-wimowe, a-wimowe", dogo aliyekuwa anasubiri zamu akaruka, "Lion King hiyo!" na karibu saluni nzima ikakubali. Nikasema hapana, hii lazima niiandike, maana huu wimbo naupenda kweli na naona tunaupunja.

Wimbo wa katuni? Katuni imetoka 1994, na mle Timon na Pumbaa wanaimba kipande tu. Huu wimbo, jina lake The Lion Sleeps Tonight, ulikaa namba moja Marekani wiki tatu kuanzia Desemba 1961, imeimbwa na The Tokens, vijana wa Brooklyn, tena ilikuwa upande wa pili wa santuri, upande wa kwanza kulikuwa na wimbo mwingine kabisa.

"Basi The Tokens ndo waliutunga." Hapa ndo penye utamu na uchungu wenyewe. Mwenye wimbo ni Solomon Linda, Mzulu wa Msinga, Natal, ambaye mwaka 1939 aliingia studio ya Gallo pale Johannesburg na kundi lake la Evening Birds wakarekodi "Mbube", yaani simba kwa Kizulu. Inasimuliwa utotoni alikuwa anachunga ng'ombe na kufukuza simba, na hilo Mgogo aliyekulia zizini hahitaji kuelezewa mara mbili. Itafute hiyo rekodi, usiikate katikati: besi ziko chini zinarudia neno lilelile, zinazunguka tu kama watu wanatwanga, Linda yuko juu kabisa, sauti nyembamba mpaka unadhani ni mama anaimba, halafu zikibaki sekunde chache iishe ndo anaachia ile melodi, anaitunga palepale mbele ya maiki, ileile ambayo miaka 22 baadaye dunia nzima ikaimba kwa Kiingereza. Mi hizo sekunde huwa nazirudisha mara tatu nne. Na kama umekulia Ugogo, umezoea mmoja anaongoza wengine wanamjibu kwa sauti zilizopishana, inakuingia moja kwa moja.

"Wimowe ni Kiswahili", wengine wanasema ni neno lisilo na maana. Sio kweli yote mawili. Wale wanaume walikuwa wanasema "uyimbube", wewe ni simba. Santuri ikafika Marekani, Pete Seeger wa kundi la The Weavers akaandika alivyosikia kwa sikio lake, akasikia wimoweh, wakarekodi hivyo mwanzoni mwa miaka ya 50 na ikaganda hivyohivyo mpaka leo.

Halafu huyo simba analala msituni kwenye msitu mnene, haya ni maneno ya George David Weiss, aliyeweka mashairi ya Kiingereza. Simba wetu wa Ruaha wako kwenye nyika na majani makavu, tuendelee.

Kuna wanaoamini Linda alitajirika. Haki za wimbo zilibaki kwa kampuni, inatajwa alipewa shilingi 10 hivi, na alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, hata mwaka haujapita tangu wimbo wake ukae kileleni Marekani. Inauma. Mwaka 2004 familia ikaishtaki Disney, wenye hiyo katuni ya Lion King, wakitumia sheria ya zamani ya Uingereza ya 1911 inayorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki, na Februari 2006 yakafikiwa makubaliano, familia ikalipwa na Linda akatambuliwa kama mmoja wa watunzi.

Sasa kuna wanaosema kwa hiyo ya The Tokens tuitupe. Mi sikubaliani kabisa. Jay Siegel anaimba kwa sauti ya juu iliyo safi sana, na ile sauti ya mwanamke inayopita nyuma kama upepo ni ya Anita Darian, mwimbaji wa opera. Sikiliza zote mbili, ila anza na ya 1939. Pale saluni nilimwomba kinyozi aiweke, mzee akainua mkono kuzuia wembe, akatulia mpaka ikaisha, akasema, "Mwanangu, rudisha hapo mwisho."