Maana ya Romaneski

Romaneski ni mtindo wa ujenzi na sanaa ulioenea Ulaya Magharibi kati ya mwaka 1000 na 1200 hivi, hadi mtindo wa Gothiki, wenye matao yaliyochongoka, ulipochukua nafasi yake. Mafundi wake hawakulijua jina hilo. Lilitungwa na wataalamu wa karne ya 19, walioona matao ya nusu duara wakakumbuka majengo ya Warumi wa kale. Kuta za majengo ya Romaneski ni nene, madirisha madogo, ndani mwanga haba. Unene huo una kazi: dari la mawe lililopinda husukuma kuta kwa nje, na ukuta mwembamba ungepasuka.

Mimi lakini naona roho ya mtindo huu imo kwenye michongo, na mfano niupendao uko kaskazini mwa Italia, kwenye kisiwa kidogo cha San Giulio katika ziwa Orta. Wenyeji husimulia kwamba mhubiri Giulio alikosa mashua, akatandaza joho lake majini, akavuka juu yake na kuwafukuza majoka waliokitawala kisiwa.

Katika kanisa la kisiwani humo kuna mimbari ya karne ya 12. Jiwe lake ni serpentini, kijani kilichokoza hadi kukaribia weusi, lililochimbwa Oira, kandokando ya ziwa hilohilo. Juu yake wamechongwa tai wa Yohana na simba wa Marko, alama za waandishi hao wa Injili. Yumo pia grifoni, kiumbe mwenye kichwa cha tai na kiwiliwili cha simba, akipambana na mamba. Usitafute humo mnyama kama alivyo porini. Mchongaji wa Romaneski hukunja viungo na kukuza macho ili umbo lijae kwenye jiwe na maana ionekane tangu mbali. Muumini asiyejua kusoma aliuona wema na uovu uso kwa uso.

Kati ya viumbe hao amesimama mtu mmoja, mikono juu ya mpini wa upanga, ametulia. Wengi humtambua kuwa Guglielmo da Volpiano, aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 962, jeshi la Otto wa Kwanza, mfalme wa Ujerumani, likiwa limekizingira. Alikuja kuwa abate, yaani mkuu wa monasteri, huko Dijon, Ufaransa, na mwaka 1001 akaanza kulijenga upya kanisa la Saint-Bénigne, mojawapo ya majengo ya mwanzo kabisa ya Romaneski. Sehemu yake ya chini, yenye nguzo zilizopangwa kwa duara, ipo hadi leo.