Namba Zinazolingana Hazithibitishi Uasili wa Bunduki ya Mitutu Miwili

Wakusanyaji wengi wa bunduki za marisau za mitutu miwili, zilizotengenezwa Marekani kati ya mwisho wa karne ya 19 na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huamini kwamba namba ya mfululizo ikilingana kwenye mitutu, kwenye bodi ya chuma (sehemu ya kati yenye mtambo wa kufyatulia) na kwenye chuma cha mkono wa mbele (ubao wa kushikia ulio chini ya mitutu), basi bunduki hiyo iko kama ilivyotoka kiwandani. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa namba hizo huashiria kwamba sehemu hizo zilianza pamoja. Lakini hazisemi lolote kuhusu yaliyozipata baadaye.

Mitutu inaweza kuwa imekatwa. Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, tazama midomo yake: kwa kawaida mitutu husogeleana kuelekea mbele hadi ikagusana, hivyo pengo kati yake, hasa lililojazwa lehemu, ni dalili kubwa ya kukatwa. Urefu pekee hautoshi, kwa maana mitutu ya inchi 30 iliyopunguzwa hadi 26 hulingana na kipimo cha kawaida cha kiwanda.

Mbao nazo hueleza mengi. Kwa kawaida mafundi waliacha uso wa kitako ukiwa umeinuka kidogo kuliko chuma pale vinapokutana. Ukiwa chini ya chuma, huenda kitako kimepigwa msasa. Maandishi yaliyofifia kingo na matundu ya skrubu yaliyobonyea huonyesha chuma kilichosuguliwa upya, na kwa maoni yangu rangi iliyochakaa kwa mikono na jua ni ya kuthaminiwa zaidi kuliko mng'ao mpya.