Harusi ya ugenini ni nini, na kwa Mzanzibari inahamisha nini

Harusi ya ugenini ni ile isiyofanywa kwao bibi harusi wala kwao bwana harusi. Huchaguliwa mahali pa tatu, mara nyingi penye hoteli na bahari, na wageni wote wakasafiri kwenda huko. Walioalikwa huwa wachache, hukaa pamoja siku kadhaa, kisha kila mtu hurudi kwao. Wazungu wanakuja Zanzibar kwa shughuli hizi tangu zamani: vijiji vya pwani kama Nungwi, Kendwa, Paje, Matemwe. Wa Dar es Salaam nao huvuka na boti, safari ya kama saa mbili. Na siku hizi wapo watu wa Mjini hapa hapa Unguja wanaoiacha mitaa yao wakaenda kufanyia hoteli ya shamba, yaani nje ya mji. Hao wa mwisho ndio wenye maswali mengi nyumbani.

Tuanze na wageni wa nje, maana mambo yao ni mafupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria zake, na ndoa husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Wengi wa wageni hukwepa safari za ofisini kwa kufunga ndoa ya serikali kwao kabla ya kupanda ndege. Wanachokifanya mchangani ni sherehe. Maua yapo, viapo vipo, lakini karatasi zilishatiwa saini zamani.

Sasa sisi. Desturi yetu imeshatenganisha ndoa na shughuli yake. Ndoa hufungwa msikitini, mara nyingi baada ya sala: walii wa mwanamke yupo, mashahidi wawili wapo, mahari yanatajwa, sheikh anasoma hotuba, halua na kahawa zinapita. Bibi harusi mwenyewe hayupo. Yuko ndani na somo wake, mwanamke anayemfunda, kashapakwa singo ya kunukia mwilini, mikono imejaa hina na piko nyeusi, anangoja bwana harusi aje kumpa mkono. Biriani, taarab, beni la kupita mtaani, kukaa ukumbini kutazamwa, hayo yana siku zake na pengine nyumba zake. Kwa hiyo anayesema "harusi yangu Kendwa" kwa kawaida ndoa haihamishi. Anahamisha shughuli. Mzee akilielewa hilo mapema, nusu ya hasira hupungua.

Ugomvi wa kweli huja pale vijana wanapotaka akdi yenyewe, yaani ndoa, ifungwe ufukweni. Msikiti si sharti la ndoa kusihi. Walii, mashahidi na ijabu na kabuli, yaani kuoza na kukubali, ndivyo vinavyotakiwa. Lakini watu hawagombani kwa sababu ya sharti. Wanagombana kwa sababu ya wanawake na wanaume kukaa safu moja, bibi harusi kuonekana na kila apitaye pwani, na bia kwenye meza za jirani. Ufukwe wa kijiji si ukumbi wa kukodi. Wavuvi wanapita, kina mama wa mwani wanapita, na watoto watakuja kutazama tu. Hoteli nyingi hukubali kutoweka pombe kwenye shughuli yako, ila lisemwe kabla ya kulipa, na liandikwe.

Linalopotea ni kubwa kuliko picha zinavyoonyesha. Wazee husema shughuli ni watu, na watu hao si wa kualikwa kwa kadi tu. Ni jirani aliyekuja kuchambua mchele mlipofiwa, ni shangazi anayejua nani alitunza nini kwenye harusi ya dada yako, ni kijana wa mtaani aliyebeba masufuria bila kuombwa. Haya ni madeni, na hulipwa kwa madeni mengine. Ukiwaalika watu arubaini hotelini ukauacha mtaa mzima, hujapunguza gharama, umeacha kulipa. Mimi sioni tabu kwa mtu kwenda Paje. Naona tabu akienda Paje kabla ya kupika sufuria moja ya pilau mtaani kwao Mwembetanga.

Kuna na la mfuko. Katika harusi ya ugenini mgeni hujilipia nauli na chumba, jambo ambalo kwa Wazungu ni la kawaida. Kwetu aliyealikwa huja na mkono wake, tunza au zawadi, lakini habandikiwi bei. Kumtumia mjomba bei za vyumba kwenye WhatsApp ni kumwambia asije, hata kama hukukusudia hivyo. Ukiwaita wazee, walipie chumba na gari. Kama huwezi, waite kwenye akdi, na ufukweni waende rika lako.

Jambo moja wapangaji wengi hulisahau, nalo ni maji ya bahari kujaa na kupwa. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Matemwe, ina mwamba mbali na ufukwe, na maji yakipwa huenda mbali mpaka bahari ikawa uwanja wa mwani na mawe. Nungwi na Kendwa hazipwi hivyo, na ndiyo sababu moja ya hoteli za huko kukimbiliwa. Anayetaka mashariki aitazame kalenda ya Kiislamu: mwezi unapoandama, na tarehe 14 au 15, ni bamvua, maji makubwa. Siku hizo maji hujaa alasiri, rangi ikawa ile ya kwenye matangazo, ila sehemu nyingine hayabakishi mchanga wa kuweka viti. Tarehe saba au nane ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Alasiri yanakuwa yametoka, ingawa si mbali sana. Katikati ya hapo ndipo pa kupanga. Masika, Machi hadi Mei, wasijaribu kabisa. Kusi, upepo wa Juni hadi Septemba, halina mvua nyingi, lakini shela litapeperuka Paje kama tanga, na bibi harusi atashinda akilishika.

Pemba ni hesabu nyingine. Hoteli za ufukweni huko ni chache, na familia zina desturi ya kutaka harusi ionekane nyumbani. Anayeoa Wete asihangaike kuwavusha wazee wa Wete mpaka Kendwa. Awalete wageni wake wa nje kwao: ndege ndogo kutoka Unguja ni kama nusu saa, inatua Chake Chake, na kutoka hapo ni gari tu. Halua ya Wete watakula ikiwa bado ya moto.